Alfred Butts: msanifu majengo aliyehesabu herufi za magazeti

Tarehe 4 Aprili mwaka 1993, mzee wa miaka 93 alifariki dunia katika mji mdogo wa Rhinebeck, kaskazini mwa jiji la New York nchini Marekani.

Jina lake lilikuwa Alfred Mosher Butts. Kwa taaluma alikuwa msanifu majengo, na wengi waliosoma habari za kifo chake ndiyo kwanza walikuwa wakilisikia jina hilo.

Hata hivyo mchezo aliouvumbua walikuwa wakiufahamu fika. Hadi siku anaaga dunia, zaidi ya seti milioni 100 za Scrabble zilikuwa zimeuzwa. Kutoka London hadi Lagos, na kutoka Nairobi hadi Sydney, familia zilikuwa zikikaa kuzunguka ubao wenye miraba 225 na kubishana juu ya maneno.

Maisha ya mtu huyu hayana vita wala mapinduzi. Ni maisha ya mtu aliyefukuzwa kazi, akakaa nyumbani bila shughuli, na badala ya kukata tamaa akaanza kuhesabu.

Mtoto wa Poughkeepsie

Butts alizaliwa tarehe 13 Aprili mwaka 1899 katika mji wa Poughkeepsie, kando ya mto Hudson. Baba yake alikuwa mwanasheria na mama yake mwalimu wa shule ya sekondari. Ilikuwa nyumba ambamo maneno yalithaminiwa, ya mahakamani na ya darasani.

Alimaliza sekondari mwaka 1917, kisha akasomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako alihitimu mwaka 1924. Mwaka uliofuata alimwoa Nina Ostrander, mwanamke aliyekuwa mwalimu.

Maharusi hao waliweka makazi yao Jackson Heights, katika wilaya ya Queens jijini New York. Butts alipata kazi katika kampuni ya wasanifu majengo. Miaka ile ya 1920 majengo yalikuwa yakichipuka kila mtaa, na kijana mwenye shahada na mkono mwepesi wa kuchora hakuwa na sababu ya kuihofia kesho.

Kazi yapotea

Mwezi Oktoba mwaka 1929 soko la hisa la New York liliporomoka. Kilichofuata ni mdororo mkubwa wa uchumi ambao dunia ilikuwa haijapata kuushuhudia. Kufikia mwaka 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne nchini Marekani hakuwa na kazi.

Sekta ya ujenzi ilikuwa miongoni mwa zile zilizoathirika mapema. Mtu asiye na fedha hajengi, na pasipojengwa msanifu hana la kufanya. Mwaka 1931 Butts aliachishwa kazi.

Alijaribu kuandika. Alijaribu pia kuuza michoro yake, kwani alikuwa msanii mwenye kipaji, na baadhi ya picha zake za mandhari ya New York baadaye zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan jijini humo. Lakini miaka ile, anayenunua mkate kwa shida hanunui picha.

Ndipo alipoelekeza fikra zake kwenye jambo ambalo pengine wengine waliliona la kitoto. Alijiuliza ni mchezo gani watu waliokaa nyumbani bila kazi na bila fedha wangependa kuucheza jioni.

Aina tatu za michezo

Butts hakukimbilia kutengeneza kitu. Kama msanifu anayepima kiwanja kabla ya kuchora nyumba, alianza kwa kuandika uchambuzi wa michezo yote aliyoijua.

Aliigawa katika mafungu matatu. La kwanza ni michezo ya nambari, kama vile karata na dadu. La pili ni michezo ya kuhamisha kete, kama vile sataranji. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki bila shaka angeliweka bao letu katika fungu hili la pili. La tatu ni michezo ya maneno, ambayo wakati huo ilihusu zaidi kupangua na kupanga upya herufi ili kupata neno jipya.

Aligundua kwamba fungu la tatu lilikuwa na upungufu. Mafungu mengine yalikuwa na michezo iliyopendwa na mamilioni ya watu, ilhali michezo ya maneno haikuwa na utaratibu mzuri wa kuhesabu pointi.

Aliona vilevile kwamba mchezo unaotegemea bahati tupu huwachosha wenye akili, na mchezo unaotegemea akili tupu huwavunja moyo wasio mabingwa. Alitaka vyote viwili vichanganywe, ili baba, mama na mtoto waweze kuketi meza moja na kila mmoja awe na tumaini la kushinda.

Kuhesabu magazeti

Swali gumu lilikuwa moja: kila herufi iwe na vipande vingapi?

Kama herufi zote zingekuwa sawa kwa idadi, wachezaji wangebaki wameshika Q na Z ambazo hazina pa kwenda, huku wakiililia E.

Inaelezwa kwamba njia ya kulijibu swali hilo aliichota katika hadithi ya mwandishi wa Kimarekani Edgar Allan Poe iliyochapishwa mwaka 1843. Shujaa wa hadithi hiyo anaufumbua ujumbe wa siri wa maharamia kwa kuhesabu ni alama ipi inayojitokeza mara nyingi zaidi, kwa kuwa anajua kwamba katika Kiingereza herufi inayoongoza ni E.

Butts alichukua magazeti, likiwemo New York Times, akaanza kuhesabu. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na karatasi ya mistari, penseli, na mtu mwenye muda mwingi kuliko alivyotaka kuwa nao. Alipitia kurasa za mbele neno kwa neno, herufi kwa herufi, akiweka alama moja baada ya nyingine.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chake kilipojaa, alikuwa na hesabu ya vipande 100. Katika seti inayouzwa hadi leo kuna E 12, A tisa na I tisa, lakini kuna J moja, K moja, Q moja, X moja na Z moja. Vipande viwili ni vitupu, na mchezaji anaweza kuvifanya herufi yoyote aitakayo.

Herufi ngumu alizipa thamani kubwa. Q na Z zina pointi 10 kila moja, na E ina pointi moja tu.

Kuhusu herufi S, aliyapuuza makusudi matokeo ya hesabu yake. Magazetini S ilikuwa nyingi, lakini alizipunguza hadi nne. Sababu ni kwamba katika Kiingereza, kuongeza S mwishoni mwa nomino huifanya kuwa wingi, na aliogopa kwamba wachezaji wavivu wangejipatia pointi kwa kubandika S kwenye maneno ya wenzao.

Mgawanyo huo wa herufi umedumu kwa miongo mingi bila kubadilishwa katika seti ya Kiingereza. Kazi iliyofanywa kwa penseli na mtu asiye na ajira imepimwa katika mamilioni ya michezo, na bado haijaonekana haja ya kuirekebisha.

Milango yafungwa

Mchezo wa kwanza ulioitwa Lexiko haukuwa na ubao. Wachezaji walichukua herufi na kujaribu kuunda neno. Butts alitengeneza seti kwa mikono yake na kuziuza kwa marafiki, kwa hasara. Makampuni makubwa ya michezo ya wakati huo, Parker Brothers na Milton Bradley, yaliukataa.

Mwaka 1935 mwajiri wake wa zamani alimrudisha kazini. Mtu mwingine angeweza kuliweka kando sanduku la herufi na kulisahau. Yeye aliendelea nalo nyakati za jioni.

Mwaka 1938, wakati mafumbo ya maneno ya magazetini yakiwa yamewateka Wamarekani, aliamua kuongeza ubao ambao juu yake maneno yangekatana, moja likilala na jingine likisimama. Aliupa mchezo jina jipya la Criss-Cross Words.

Ubao aliuchora kwa vifaa vyake vya usanifu, akatoa nakala kwa njia ileile ya kunakili ramani za majengo, kisha akaigandisha karatasi juu ya ubao wa kukunjwa. Vipande vya herufi alivikata kwa mbao nyepesi, kimoja kimoja. Makampuni yaliukataa mchezo kwa mara nyingine.

Wakati huo mchezo ulikuwa ukiishi majumbani tu. Butts na mkewe waliucheza nyumbani kwao, na katika kanisa moja la Kimethodisti la Jackson Heights waliucheza pamoja na majirani.

Mvumbuzi mwenyewe hakuwa mchezaji hodari, wala hakuwa hodari wa tahajia. Bingwa wa nyumba alikuwa Bi Nina. Inasimuliwa kwamba siku moja aliweka neno quixotic na kujizolea pointi 284 kwa mkupuo mmoja. Wako mabingwa wa mashindano wasiofikisha pointi hizo kwa neno moja maisha yao yote.

Mtu wa Connecticut

Mwaka 1948, James Brunot, aliyekuwa mtumishi wa serikali na akiishi Newtown katika jimbo la Connecticut, alimwendea Butts. Brunot alikuwa mmoja wa watu wachache waliomiliki seti zilizotengenezwa kwa mkono, na aliamini kwamba mchezo ule ungeweza kuuzwa.

Walikubaliana kwamba Brunot atautengeneza na kuuza, na Butts atapata mrabaha mdogo kwa kila seti itakayouzwa. Brunot alirahisisha kanuni, akabadilisha mpangilio wa miraba yenye pointi za ziada, akaongeza zawadi ya pointi 50 kwa anayemaliza herufi zake zote saba kwa mkupuo, na akaupa mchezo jina la Scrabble.

Yeye na mkewe walifanya kazi katika jengo la shule iliyoachwa, wakipiga chapa herufi juu ya vipande vya mbao. Mwaka 1949 walitengeneza seti 2,400 na wakapata hasara ya dola 450.

Bahati ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa mujibu wa simulizi inayokubaliwa na wengi, mwaka 1952 mkuu wa duka maarufu la Macy's la New York, Jack Straus, aliucheza mchezo huo akiwa likizoni. Aliporudi alishangaa kukuta duka lake haliuzi, akaamuru uagizwe.

Ghafla shule ile kuukuu haikuweza tena kutosheleza mahitaji. Mwaka 1953 kampuni ya Selchow & Righter ilipewa leseni ya kuutengeneza, na mwaka 1954 ziliuzwa karibu seti milioni nne. Mwaka 1955 mchezo ulianza kuuzwa Uingereza, na kutoka huko ukasafiri hadi makoloni yake, Afrika Mashariki ikiwemo.

Mrabaha na maisha ya kawaida

Msomaji anaweza kutarajia kwamba Butts alikuwa tajiri mkubwa. Haikuwa hivyo. Mrabaha wake ulikuwa wa senti chache kwa kila seti. Mapato hayo yalimpa maisha ya nafuu lakini hayakumpa kasri.

Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba theluthi moja ya mapato hayo ilichukuliwa na kodi, theluthi moja aliigawa, na theluthi iliyobaki ndiyo iliyomwezesha kuishi vizuri. Wanaojadili haki za wavumbuzi wanaweza kuona kwamba alipunjwa. Hakuna dalili kwamba yeye aliishi na kinyongo hicho.

Aliendelea na usanifu hadi alipostaafu. Miongoni mwa majengo aliyoyachora ni maktaba ya umma ya Stanfordville, kijiji cha jimbo la New York ambako alinunua nyumba iliyowahi kumilikiwa na jamaa zake. Bila shaka inapendeza kwamba mtu aliyewapa watu mchezo wa maneno aliwapa pia wanakijiji wenzake nyumba ya vitabu.

Bi Nina alifariki mwaka 1979. Mwaka 1985, Butts akiwa na miaka 86, mchezo wake mwingine wa maneno uliingia sokoni ukiwa na jina lake. Haukupata umaarufu wa ule wa kwanza, lakini unaonyesha kwamba mkono uliokuwa ukihesabu herufi haukuchoka.

Waafrika wautawala mchezo

Butts hakuishi kuyaona mafanikio ya Waafrika katika mchezo wake. Mwezi Novemba mwaka 2015, mjini Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa lugha ya Kiingereza, baada ya kumshinda Mwingereza Lewis MacKay katika fainali.

Miaka miwili baadaye, Novemba mwaka 2017, mashindano ya dunia yalifanyika Nairobi. Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kujijengea sifa kwa kupeleka wachezaji katika mashindano ya kimataifa kwa miaka mingi.

Kwa Mwafrika kuna kejeli ya kihistoria hapa. Lugha iliyoletwa na mkoloni, na ambayo watoto wengi walichapwa viboko kwa kuikosea, sasa inachezewa ubaoni na wajukuu wao, nao wanaishinda kwa mahesabu.

Na Kiswahili je?

Mwandishi wa makala haya alikimbilia ughaibuni akiwa na mke, watoto na masanduku mawili. Katika majira ya baridi ya kwanza, mkewe alinunua boksi la Scrabble lililotumika, katika duka la vitu vya msaada. Waliwekeana sharti moja: Jumapili jioni ni Kiswahili tu, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ndiyo hakimu.

Hapo ndipo ilipodhihirika jinsi Butts alivyofanya kazi yake kwa uaminifu, na jinsi kazi hiyo isivyotufaa sisi. Q na X hazina pa kukaa katika Kiswahili, kwa hiyo zilirudishwa ndani ya mfuko. A tisa zilikwisha kabla ya mchezo kufika nusu. K ilikuwa moja tu, tena yenye pointi tano kana kwamba ni almasi, ilhali kwetu K ni kama hewa. Pasipo kipande kitupu huwezi kuandika kaka, wala kuku, wala kikombe.

Hofu yake kuhusu S nayo haituhusu. Wingi wetu hauongezwi mwishoni mwa neno, hubadilishwa mwanzoni: kitabu huwa vitabu, mtoto huwa watoto. Vitenzi vyetu ndivyo vinavyorefuka mwishoni, piga ikawa pigia, kisha pigiana. Mtu atakayetaka kututengenezea seti yetu itampasa aketi na magazeti ya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, ahesabu upya kutoka herufi ya kwanza.

Jioni moja mama wa nyumba aliweka neno ukili. Mtoto wa mwisho, aliyeondoka nyumbani akiwa bado anabebwa, alipinga kwamba hakuna neno kama hilo. Kamusi ilimpa mama ushindi, lakini mtoto hakuridhika. Alitaka kujua ukili ni kitu gani.

Mama alichukua gazeti la siku ile, akalikata vipande virefu vyembamba, akaanza kuvisuka mezani kama wasukavyo wanawake wa kwao miyaa ya kutengenezea mkeka. Mchezo ulisimama kwa muda wa saa nzima. Hakuna aliyekumbuka kuhesabu pointi, na baba, ambaye alikuwa wa mwisho kama kawaida yake, hakulalamika.

Huko tunakoishi hakuna minazi wala miyaa, wala hakuna anayeuza mikeka. Kama neno lile lisingewekwa ubaoni jioni ile, pengine mtoto yule asingelisikia kabisa.

Kibao cha mtaani

Wakazi wa Jackson Heights hawajamsahau jirani yao. Katika makutano ya 35th Avenue na 81st Street, karibu na kanisa ambako mchezo ulichezwa katika siku zake za mwanzo, kuna kibao cha jina la mtaa ambacho kila herufi yake ina nambari ndogo ya pointi pembeni. Kiliwekwa mwaka 1995, kikatoweka mwaka 2008, na mwaka 2011 kikawekwa kingine.

Mtaa huo leo ni makazi ya wahamiaji kutoka pande nyingi za dunia. Wengi wao walifika wakiwa wamepoteza kazi na hadhi waliyokuwa nayo makwao, kama Butts alivyopoteza yake mwaka 1931. Wanaopita chini ya kibao kile hupita mahali ambapo mtu mmoja asiye na ajira aliketi na magazeti na penseli, akahesabu herufi hadi zikamtosha yeye na jirani zake, na baadaye dunia nzima.